Matope Kwenye Plaque

Leo nimeitwa mwizi. Mchana kweupe, na shati ya kupigwa pasi, siku ya mahari ya dada yangu mdogo.

Munanijua. Mimi ni mutu wa kukaa nyumba. Nipe kiti, redio na sahani ya pondu, sitasumbua mutu mpaka jioni. Nikitoka tu, matatizo yanashangilia.

Bon. Pikipiki yangu ni nyekundu, ya Kichina, kama pikipiki za nusu ya Kisangani. Na plaque yake, kile kibao cha namba, haisomeki. Nimeipaka graisse ya mnyororo, juu yake udongo, ili polisi wa roulage wakinikuta njia panda wasione namba ya kuandika. (Musininyooshee kidole! Jirani yangu amekunja ya kwake kama jani la kufungia samaki wa liboke. Mwingine amefungia kitambaa, eti cha kupangusa jasho.) Muji muzima umejificha.

Zamani haikuwa hivi. Marehemu papa alikuwa mutu wa toleka, akibeba abiria kwenye baiskeli yake. Alimtafuta mchoraji kule Mangobo amwandikie jina kwenye bati la nyuma, rangi ya njano, na kasuku pembeni. Alitaka asomwe kutoka ng'ambo ya soko! Asubuhi tulisikia akina mama wakimwita barabarani, naye akiitika kwa kengele. Usingeweza kutoroka na baiskeli ile. Hata kuku wa mtaa walijua ni ya nani.

Alors, leo. Kwa vile papa hayuko, mdogo wake, tonton Faustin, ndiye aliyewapokea wakwe. Wamekuja na mbuzi, na pagne za kitenge, na baba wa bwana harusi, ambaye sasa ni bokilo wetu: papa muzito, suti ya vipande vitatu, sauti ya kuhubiri. Tonton akasimama, akasema: "Kwetu hakuna mulevi. Kwetu hakuna mwizi." Makofi.

Halafu akaniinamia sikioni. "Chikwangue zimepunguka mezani. Kimbia sokoni, kijana."

(Kijana! Nina mvi na kitambi.)

Nje, pikipiki nyekundu zimepangwa ukutani. Plaque zote matope matupu. Nikachukua ile iliyosimama pale nilipodhani nimeweka ya kwangu. Ufunguo ukaingia, ikawaka. (Funguo hizi! Nadhani hata kijiko kingeiwasha.) Nikaondoka kifua mbele.

Mara nyuma nasikia: "Mwizi! Mwizi! Pikipiki yangu!"

Mimi, kwa utu wangu, nikaanza kuangalia huku na huku nimwone huyo mwizi. Nikasaidia hata kupiga kelele: "Mukamate!"

Wakanikamata.

Kwenye njia panda vijana wa pikipiki wamenizunguka, mmoja ameshika kola. Bokilo akafika mbio juu ya pikipiki nyingine, tai begani. Nyuma yake nusu ya sherehe inakimbia, tonton mbele, dada yangu na pagne yake mpya.

"Ni huyu aliiba pikipiki yangu! Kaka ya bibi harusi!"

"Uuuu!" watu wakaitika.

"Muzee Faustin," bokilo akanguruma, "ulisema kwenu hakuna mwizi. Mbuzi zirudi!"

Dada yangu hakulia. Aliniangalia tu, akasema chini: "Yaya, kaka yangu, kweli leo?"

Hapo nilitamani lami inimeze. Kwa bahati mbaya hapo hakuna lami.

Akaja maman wa roulage, filimbi mdomoni, bila haraka.

"Wewe, namba ya pikipiki yako ni ngapi?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nimeificha muda murefu mpaka mimi mwenyewe nimeisahau.

"Na wewe, papa?"

Bokilo akakohoa.

"Bon. Na iyo uko juu yake, iko ya nani?"

Bokilo akaangalia chini, kama ndiyo kwanza anaona amekalia kitu. "Sijui, maman. Nilikamata yenye ilikuwa karibu, ufunguo wangu ukaiwasha."

"Donc iko wezi wawili."

Ndugu zangu, ilikuwa ya kwangu! Kadi za pikipiki zikatolewa, namba za injini zikalinganishwa, ikajulikana kila mutu yuko juu ya pikipiki ya mwenzake. Lakini maman hakumaliza. Alichungulia plaque mbili zile.

"Nani alipaka matope?"

"Mvua," tukasema kwa pamoja, mimi na bokilo.

"Mvua gani yenye kunyeshaka kwenye plaque tu?"

Tuoshe, akasema, akaagiza maji na sabuni. Sasa hivi, kwa mikono yetu. Basi tukapiga magoti barabarani, suti na shati ya pasi, wakwe upande huu, ukoo wetu upande ule, simu zote juu zinapiga picha. Bokilo akanisogelea.

"Mutoto," akanong'ona, "unatumiaka graisse kwanza ao matope kwanza?"

"Graisse kwanza, papa. Inashikilia."

"Aaa! Ndiyo maana yangu inaangukaka."

Akasugua kidogo, akatulia. "Unajua, zamani na mimi nilikuwa toleka. Nyuma ya vélo niliandikisha jina la bibi yangu. Watu wakiniona mbali wanasema, bwana ya Marie-Jeanne anapita. Nilikuwa naendesha pole pole, ju wasome muzuri." Akaangalia namba yake ikitokea chini ya povu. "Sasa angalia vile tumekuwa."

Nikamwambia habari za papa na kasuku wake. Tulisahau hata watu. Maman wa roulage ndiye alitupigia filimbi tusimame.

Bokilo akajipangusa magoti, akawageukia wote. "Mbuzi zinabaki," akasema. "Huyu si mwizi. Ni mujinga kama mimi."

Tonton akaanzisha makofi mwenyewe. Dada yangu akacheka mpaka akashikilia ukuta wa nyumba ya watu. Wakwe tayari wameniita Bokilo Matope, na nadhani nitazikwa na jina hilo.

Fundisho? Ukitaka kujificha, jiachie hata alama kidogo, wewe mwenyewe usije ukajikosa.