Uso Wangu Kwenye Skrini

Jumatatu, 5 Machi 1917. Hollywood.

Barua ya Mama imefika kutoka Nebraska. Filamu yetu ya wezi wa ng'ombe imeonyeshwa mjini kwao, akaenda na majirani sita. Anasema alinitambua kwa kiatu. Kiatu! Miaka minne hapa, filamu kumi na tisa, nimekufa mara kumi na moja, na mama mzazi anatambua soli. Kosa ni la Rollo Varnum, nyota wetu, ambaye kila mara husimama mbele yangu na mabega yake mapana kama mlango wa ghala. Mama ameandika kwamba mtoto wa jicho anamzidi, na angependa kuniona usoni kabla giza halijaingia. Nimelia kidogo. Kisha nikapata wazo.

Kesho mimi ni kasisi, namfungisha Rollo ndoa. Filamu hazina sauti, kwa hiyo nitasema nitakalo. Nitamchekesha mpaka ashindwe kuielekea kamera. Itabidi watafute uso mwingine, na wa karibu ni wangu.

Nimefanya mazoezi wakati wa chakula, mbele ya Bi. Oberholtzer, mwenye nyumba wangu, kiziwi tangu homa ya utotoni. Kabichi ya kuchemsha tena. Nikamwambia kwa uso wa upole kwamba kabichi yake ingefaa kuzibia paa. Akatabasamu, akaniongeza vijiko viwili. Salama kabisa.

Jumanne, 6 Machi.

Imefaulu! Nilifungua Biblia, nikamtazama Rollo kwa huruma, nikamwarifu kwa kunong'ona kwamba meno yake ya juu ni ya kununua na farasi wake ameomba uhamisho. Mabega yakaanza kutikisika. Nikamuuliza bibi harusi kama anajua bwana huyu huvaa mkanda wa kubana tumbo. Machozi yakachora mifereji kwenye poda ya Rollo.

Hockaday, mwongozaji wetu, alidhani ni kilio cha mapenzi. Akaamuru Rollo aonekane mgongo tu, na kamera isogezwe hadi puani kwangu. Basi nikanogewa, nikayarudia yote. Kwa midomo tu, bila sauti, nikasema kwamba Hockaday hajui upande upi wa kamera ni wa mbele, na hadithi zote anaandikiwa na mkewe. Nikamalizia na amina.

Baadaye Rollo aliniita mshenzi, akanipa sigara.

Jumamosi, 24 Machi.

Filamu imeonyeshwa. Nilimpeleka Bi. Oberholtzer, ajue anaishi na mtu wa namna gani. Akaja na chama chake chote, viziwi thelathini na wanne, safu tatu nzima. Rollo na Hockaday walikaa nyuma yetu.

Ikafika harusi. Uso wangu, mkubwa kama nyumba! Piano inalia polepole, kina mama wanafuta machozi, na mimi nimo mule, pua na yote. Ndipo safu tatu zikaangua kicheko. Wanashikana, mikono inaruka hewani. Mzee mmoja alimwonyesha Rollo kidole, kisha akagonga meno yake mwenyewe.

Bi. Oberholtzer akanigeukia. Kwa ile sauti yake pana iliyojaa ukumbi akaniambia kwamba wao husoma midomo, kijana, na ile ya kabichi aliisoma vizuri sana. Halafu, kwa sauti ileile, akamuuliza Hockaday kama ni kweli kuhusu mkewe.

Nimekula wa chuya.

Jumatatu, 26 Machi.

Ofisini kwa Hockaday. Alikuwa na mkasi mkononi. Ataikata harusi yote kabla filamu haijaondoka mjini. Nikamsihi. Nikamweleza habari za Mama, macho yake na kiatu. Nilitetemeka kweli, bila kuigiza. Akasema huo ndio uigizaji bora aliowahi kuuona kwangu, sasa nitoke.

Mlangoni nikagongana na mwenye ukumbi, anahema. Viziwi wa mji mzima wamepanga foleni tangu asubuhi, na wanaosikia wanagombania kukaa kando yao ili watafsiriwe. Hockaday akaweka mkasi chini. Harusi inabaki, inakwenda Nebraska kama ilivyo! Nimepiga telegramu: MAMA TAZAMA KASISI. Nimembusu Bi. Oberholtzer shavuni. Ameniambia nikanawe, chakula tayari. Kabichi.

Jumamosi, 14 Aprili.

Mama ameniona! Alikaa maonyesho matatu mfululizo, safu ya mbele, hakutaka kuondoka. Anasema nimenenepa. Nimeisoma barua mara tisa, furaha haiishi.

Na kuna zaidi. Hockaday amenipa sehemu ya jaji, picha sita za karibu. Sharti ni moja: Bi. Oberholtzer ameajiriwa. Anakaa kando ya kamera na kengele, anasoma midomo yangu. Leo kengele imelia mara kumi na nne. Rollo kavaa wigi upande, nami ninyamaze? Haiwezekani.

Jioni nikapata wazo, na ni bora kuliko yote. Nimemwendea Hockaday, nikamshawishi kwamba jaji hutisha zaidi akipigwa picha kwa nyuma. Alikubali upesi, hata nikashangaa. Picha zote sita, mgongo mtupu. Bi. Oberholtzer hataambulia hata neno. Nitasema nitakalo, Jumatatu hadi Jumamosi! Sijui kwa nini wazo hili halikunijia miaka minne yote hii.