Mwanzo Rasmi wa Sataranji

Idara ya Michezo ya Mezani ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la jinsi ya kuanza mchezo wa sataranji limekwisha. Mimi ndiye katibu wa kamati iliyolimaliza.

Kabla yetu ilikuwa vurugu tupu. Mkufunzi wetu, mwanamke asiyejua kujipendekeza, aliwafundisha wanafunzi wapya wa darasa lake kumsogeza askari wa mbele ya mfalme vyumba viwili, washike katikati ya ubao, kisha watoe farasi. Kamati ilishtuka. Katikati ni eneo nyeti, raia haendi kukaa hapo bila kibali. Mkurugenzi wetu yeye huanza kwa kuwasogeza askari wawili wanaomkinga mfalme ubavuni, ili mfalme apate hewa. Hajawahi kushindwa. Ni kweli hucheza na watumishi wake tu, lakini takwimu ni takwimu. Tukaufanya huo ndio mwanzo rasmi. Mkufunzi akagoma kuufundisha, akaambiwa kazi yake itaisha mara tu baada ya uzinduzi.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alitaka kucheza na mwanafunzi yeyote. Akajitokeza mama mkwe wake, aliyejiunga na darasa juzijuzi. Kwa kawaida mpinzani hupewa semina fupi ya kushindwa, ila nani angemvuta pembeni mkwe wa bosi?

Mkurugenzi akasogeza askari wa kwanza, tukapiga makofi. Mama akapeleka wake katikati, bila kibali. Mkurugenzi akasogeza wa pili, tukapiga zaidi. Mama akamtoa malkia, akamsukuma kwa mshazari hadi ukingoni.

"Mwanangu, mfalme wako hana pa kukimbilia."

Mimi bado nilikuwa napiga makofi, kwa mazoea.

"Mama, ile nilikuwa najaribu tu," alisema Mkurugenzi. "Turudishe."

"Kurudisha ni huko ofisini kwako. Na huyu mwalimu haendi popote. Kaa hapo akufundishe."

Hakuna kifungu kinachomruhusu mkurugenzi kumbishia mkwe mbele za watu. Akakaa. Mkufunzi akatupanga wawili wawili, akatuagiza kila mtu acheze kushinda, na mimi nikaangukia kwa bosi. Nilijitahidi, lakini mkono wenyewe ulimpelekea malkia wangu amle. Safari hii aliuangalia mkono huo kwa makini, na kwa kweli nilimwonea huruma.

"Katibu," aliniuliza polepole, "siku zote zile mlikuwa mnaniachia?"

Nikamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.