Malalamiko Kuhusu Madoa Kumi na Saba ya Uso Wangu

Kisangani, 14 Machi 2001

Kwa Bwana Cyprien, Mwenye Studio ya Picha, Kabondo

Shemeji mpendwa,

Ninakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mteja wako na mume wa dada yako Kanyere, ingawa cheo hicho cha pili kwa sasa kina mashaka. Unajua mwenyewe: mabomu ya Juni yalipoanza alitaka tukimbie wote, mimi nikabaki kulinda magunia ya maharage dukani kwangu. Tangu hapo yuko Yangambi, na amesema harudi mpaka nimfuate na kumwomba msamaha. Nimechelewa miezi tisa, nakiri. Ndiyo maana nilikuja kwako kupiga picha ya kibali cha kusafiri. Yaliyonipata ni haya:

1. Kompyuta yako uliinunua kwa mtafiti aliyekuwa akipima magonjwa ya mihogo. Hilo hukuniambia. Ulinionyesha tu visanduku kwenye kioo, kimoja cha kuondoa madoa, kimoja cha kulainisha, kimoja cha kuongeza mwanga, ukasema hapa hakuna elimu inayohitajika: mtu anakokota kisanduku kwa kipanya, anakiunganisha na kingine kwa mstari, na picha inapita kote humo mpaka itoke safi.

2. Kwa adabu iliyozidi, ukawakaribisha wateja wote wa foleni wachangie. Mama Adeline akaweka kisanduku cha kulainisha. Tonton Amuri, asije akaonekana mchoyo, akaweka kingine cha kulainisha. Mwalimu Hubert akaweka mwanga mara tatu. Hakuna aliyethubutu kutoa cha mwenzake, maana ingekuwa dharau. Uso wangu umepita visanduku kumi na kimoja. Hata mikutano ya amani haina hatua nyingi hivyo.

3. Kile cha madoa kimefuta masharubu, kifungo cha shati na kovu la juu ya jicho. Kovu hilo nililipata siku ya tatu ya mabomu, mlangoni mwa duka, na askari wote wa bariere, wale wa vizuizi vya njiani, wananijua kwalo. Tena nilitaka Kanyere alione kabla sijafungua kinywa, kwa sababu kuomba msamaha sijui.

4. Jana bandarini, nikitaka kupanda boti ya Yangambi, askari aliitazama picha, akanitazama, akasema: "Papa, huyu mutu wa photo iko wapi? Mwambie akuye yeye mwenyewe." Kisha akasoma maandishi madogo ambayo kompyuta yako imeyachapa chini ya kidevu changu, kwa Kifaransa cha ofisini: mmea huu una madoa kumi na saba, ung'olewe leo. Shemeji, askari ni mtu wa kutii amri iliyoandikwa. Nilitumia saa mbili kumshawishi kwamba mimi si muhogo. Boti ikaondoka.

5. Baya kuliko yote, wiki iliyopita ulimtumia Kanyere nakala bila kuniuliza. Sasa atasema nimekaa mjini nikinawiri huku yeye akilala mkekani kwa watu.

Kwa hiyo naomba ukate mistari yote na kutoa visanduku vyote, ibaki picha mbaya iliyo yangu. Kovu lirudi upesi, maana boti nyingine ni Jumamosi. Naomba pia Mama Adeline, Tonton Amuri na Mwalimu Hubert wasiguse kipanya mpaka vita viishe.

Nisalimie mke wako Exaucée, watoto, na fundi wa jenereta. Wasalimie hata hao walionilainisha. Sina kinyongo nao, ila wasinikaribie.

Wako mwenye kovu,
Liévin Mumbere

N.B. Nimefungua tena bahasha. Barua ya Kanyere imefika sasa hivi. Anasema picha inaonyesha mtu aliyelainika, jambo ambalo hajaliona tangu tuoane. Maandishi ya chini ameyasoma na anakubaliana nayo kabisa: nisihangaike na kibali, Jumamosi anakuja mwenyewe kuning'oa katika hilo duka. Basi usiguse kisanduku hata kimoja. Niambie tu kama kuna namna ya mtu mwenyewe kupitishwa humo, maana nina siku tatu. Kesho asubuhi nitakuwa hapo studio. Mwambie Mama Adeline awahi foleni.