Mabenchi ya Nyuma ya Reli

Kila asubuhi Murlidhar Ojha alikunywa chai kwenye kikombe cha udongo huku akisoma matangazo ya vifo gazetini, maana kwake mjane tajiri alikuwa shamba lisilosubiri mvua. Asubuhi hiyo hakufika hata kwa marehemu wa pili. Simu ililia.

"Mwanangu, kesho nakuja kuiona shule yangu," alisema Mama Surana kutoka Kolkata.

Kwa miaka mitatu mjane huyo alikuwa akimtumia fedha za kuwasomesha watoto wa Kimusahari, watu ambao wakubwa wa mji hawanywi maji yaliyotoka mikononi mwao. Shule ilikuwa nzuri kwa kila hali, ila haikuwepo.

Ojha hakutokwa jasho. Nyuma ya reli kulikuwa na binti wa Kimusahari, Sugiya Manjhi, aliyewafundisha watoto ishirini kwa kuandika mchangani kwa kijiti. Nguruwe wakipita, somo limefutika. Ojha akamwendea, akasimama mbali kama tabaka lake la juu, la Kibrahmani, lilivyomfunza.

"Binti, kesho nakuletea mabenchi, ubao na sahani. Mgeni apige picha zake, jioni navichukua. Watoto nitawapa peremende."

"Ndiyo, bwana," akajibu Sugiya, macho chini.

Vitu alivikodi kwa Baijnath Sahu, mkodishaji wa vyombo vya harusi, akaacha pikipiki yake rehani. "Ni harusi ya Mabrahmani," akasema. Uongo mfupi haujikwai.

Kesho yake watoto waliimba, wakala wali na dengu. Mama Surana alilia, akamkabidhi Ojha bahasha nene, akaondoka. Jambo moja tu lilimshangaza Ojha: Sugiya alizidi kuwahamisha watoto, benchi hadi benchi, mpaka hakuna lililosalia bila kukaliwa.

Jioni Baijnath alipovifuata vyombo vyake na mkokoteni, akidhani harusi imekwisha, binti alimkimbilia kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba. Asante kwa vyombo. Watoto wetu wamekalia mabenchi yote, na wamekula kwenye sahani zote."

Baijnath akarudi nyuma hatua tatu. "Watoto wenu? Wa hapa hapa?"

"Wa hapa hapa, baba. Huyu mdogo ameulamba na ubao."

Baijnath alikuwa mtu wa sheria, na sheria imekataza ubaguzi. Kwa hiyo hakutamka neno lolote juu ya tabaka. Alisema tu kwamba mbao zimechakaa ghafla.

"Umevinunua, Ojha."

"Ndugu yangu, si vioshwe tu!"

"Ulisema harusi! Sasa nani atayakalia haya? Mama yako?" Akaichomoa bahasha mfukoni mwa Ojha. "Hii ya mabenchi. Pikipiki ya sahani."

Mkokoteni uliondoka mtupu. Ojha akamgeukia Sugiya.

"Ulijua hatavichukua?"

Sugiya alitazama chini, kwa mazoea. Kisha akainua macho.

"Nilijua. Niliyataka mabenchi tangu ulipoyataja, nikaona haya kusema. Sasa nasema: ni yetu. Na usogee, bwana, umeziba ubao."