Shamba Linaloota Vigae

Ubaldo Cingolani alikuwa ameegemea gari, anavuta sigara, alipomwona mtalii mmoja, mama wa heshima zake, akiinama katikati ya mizabibu ya Bibi Settimia na kuokota kipande cha chungu cha maua. Chungu chenyewe Ubaldo alikijua. Paka alikiangusha dirishani wiki iliyopita. Lakini yule mama alikifuta kwa kidole gumba, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akakitumbukiza mkobani na kufunga zipu, uso wake kama wa mtu aliyechomoa noti kwenye kapu la sadaka.

Sigara ilimwunguza Ubaldo vidole. Hakusikia.

Mwaka wa tano huo alikuwa akizungusha watu kwenye vilima vya Tuscia, kaskazini mwa Roma, kwa gari la shemeji yake, wageni watano au sita kwa safari. Asubuhi makaburi ya Waetruska, wale walioitawala nchi hii kabla Roma haijawa mji wa maana. Mchana divai na chakula kwa Bibi Settimia. Jioni anawarudisha kituo cha treni wakiwa na mashavu mekundu na mapenzi kwa binadamu wote. Ilikuwa kazi halali, na faida yake ilitosha kununua petroli ya kwenda kuifanya tena.

"Kumbe!" alijiambia. "Mimi nawauzia historia ya kusikia kwa masikio. Wenyewe wanataka ya kutia mfukoni."

Tumtendee haki: hakuwa mvivu. Alinunua vyungu vya maua, akavivunja kwa nyundo, akavifukiza kwenye moto wa samadi ya farasi hadi vikawa vyeusi kama vya makaburini, akaviloweka siku tisa katika mashapo ya divai, kisha akavizika kati ya mizabibu, kina cha kiganja kimoja. Bibi Settimia, mjane wa miaka sabini na sita mwenye ulimi wa wembe, alimtazama akichimba.

"Unapanda nini, Ubaldo?"

"Utamaduni, Bibi."

"Ukiota, nusu yangu."

"Robo, Bibi. Mimi ndiye niliyenusa samadi."

"Theluthi, na mizizi yangu usiiguse."

Sasa, uzuri wa mpango huu ni kwamba Ubaldo hakuuza kigae hata kimoja. Mwuza vigae bandia ni tapeli, na Ubaldo alikuwa na heshima zake. Yeye aliuza kimya. Kila kinachofukuliwa ardhini ni mali ya serikali. Mgeni akiokota kigae, Ubaldo alishika kichwa, akataja karabinieri, polisi wa nchi hii, akataja jela, halafu akalegea polepole kama jibini juani, na kwa kitu kidogo cha kumtuliza mwenye shamba, akakubali kwamba hakuona. Na nani angerudi kulalamika? Aende kituoni aseme, "Afande, nimeiba mali ya serikali, na sasa nashuku si ya kweli"?

Toka Aprili hadi Oktoba shamba liliota vizuri. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na bahasha nene, yuro elfu nne, na kila noti ilikuwa na kazi yake: kulikuwa na mgahawa mdogo kando ya Ziwa Bolsena, meza tisa, na mwenyewe alikuwa tayari kumkodishia Ubaldo kama atapata malipo ya kwanza kabla ya Jumatatu jioni. Ubaldo alikuwa amekwisha kuchagua rangi ya vitambaa vya meza. Kahawia. Haionyeshi madoa.

Jumamosi ya mwisho wa msimu walikuja watano. Daktari wa meno kutoka Milano, Dokta Gualtiero, na mkewe Milena. Ndugu wawili wa Sassuolo, Fermo na Learco, waliotajirika kwa kuuza vigae vya sakafu, na ambao Ubaldo aliwapenda palepale, kwani watu waliolishwa na vigae maisha yao yote wangejuaje kukataa kimoja zaidi? Na peke yake kiti cha nyuma, Mwalimu Adalgisa kutoka Bergamo: mstaafu wa Kilatini, kofia ya majani, soksi nene, na mkoba uliojaa peremende za mnanaa ambazo aligawia gari zima.

Makaburini Ubaldo alisoma maandishi ya Kilatini ya ukutani kwa sauti ya kiaskofu. Mwalimu alimvuta shati taratibu. "Mwanangu, hapo pameandikwa 'usikojoe.' Lakini ulivyosema wewe ni pazuri zaidi."

Mchana walikaa chini ya kivuli cha mzabibu wa Bibi Settimia. Supu ya mkate na mboga za porini, soseji za nguruwe mwitu, jibini la kondoo, na jagi la divai nyeupe ambalo halikuruhusiwa kukauka. Jagi la tatu lilipofika, Ubaldo akashusha sauti.

"Ndugu zangu, ombi moja. Mkitembea shambani, msichimbe. Nawasihi. Juzi mvua ilinyesha, na mvua hapa huleta vitu juu."

"Vitu gani?" Fermo aliuliza.

"Sijasema kitu."

"Umesema vitu."

"Bwana Fermo, kunywa divai yako."

Dakika kumi hazikupita, meza ilikuwa tupu. Dokta Gualtiero alikuwa amepiga magoti akifukua kwa kijiko cha supu, kwa uangalifu wa mtu anayeng'oa jino la waziri. Mkewe alimkinga kwa mwavuli, na hakukuwa na jua wala mvua. Ndugu wa Sassuolo walikuwa wakigombana kwa kunong'ona.

"Mimi nimekiona kwanza!"

"Umekikanyaga kwanza. Kuona nimeona mimi."

Ubaldo aliwapa muda wa kutosha, kisha akawatokea mmoja mmoja, akashika kichwa, akataja jela. Dokta akalipa. Fermo akalipa, na Learco akalipa pia ili kaka yake asimzidi. Bibi Settimia, aliyekuwa akikusanya sahani, alisema bila kugeuka, "Kijiko changu kirudi."

Ndipo Mwalimu Adalgisa alipotokea nyuma ya banda la mapipa, soksi zimejaa udongo, ameshika leso kwa mikono miwili kama anabeba yai.

"Mwanangu Ubaldo, hebu nisaidie. Nilikuwa nimeinama kufunga kiatu."

Akafunua. Ndani ya leso alilala askari wa shaba, urefu wa kidole cha kati, mweusi wa kijani, kofia ya vita kichwani, mkono umeinuliwa, mkuki hana. Udongo bado ulikuwa umemganda kwapani.

Ubaldo alimtazama yule askari, akamgeuza chali, akamgeuza kifudifudi. Alijua idadi ya alivyovizika na mahali pa kila kimoja, na nyuma ya banda la mapipa hakuwa amezika kitu. Shaba hakuwa nayo. Basi, chini ya uongo wake wote, muda wote huo, kumbe ukweli ulikuwa umelala! Wafu wa miaka elfu mbili na mia tano walikuwa wamemjibu.

"Ni kidude tu cha mtoto," alisema, sauti imempanda. "Nipe nikitupe."

"Hapana, mwanangu. Hiki ni cha kale. Na si umetufundisha sheria vizuri kabisa? Nikishuka kituoni naenda moja kwa moja kwa karabinieri. Watakuja kulichimba shamba lote, wataalamu na mabrashi yao. Fikiria watakavyofurahi!"

Ubaldo alifikiria. Aliwaona wataalamu na mabrashi yao, wakipanga mezani vipande vya vyungu vya maua, kimoja bado na bei ya dukani chini yake.

"Mwalimu," alisema, akimshika kiwiko, "kwa nini kuwasumbua watu wa serikali? Niachie mimi. Mimi nitakipeleka panapostahili."

"Dhamiri yangu haitalala."

"Tuitafutie mto. Mia tano."

Mwalimu alirudi nyuma kama amemwagiwa maji. "Pesa? Unanipa mimi pesa?"

"Si kwako! Kwa sadaka. Kwa lolote ulipendalo."

Mwalimu akakaa juu ya pipa, akatafuna peremende. "Ipo nyumba ya watoto yatima kwetu Bergamo," alisema mwishowe. "Paa lao limechoka."

"Paa lenyewe kubwa?"

"Kubwa, mwanangu. Na linavuja pande zote mbili."

Ubaldo akasema elfu. Mwalimu akasimulia juu ya katoto kamoja, Pierino, kanakolala na ndoo kitandani. Ubaldo akasema elfu mbili. Mwalimu akakunja leso, akauliza kama karabinieri hufunga saa ngapi Jumamosi. Ubaldo akaenda garini mbio, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva. Alitoa bahasha yote, na kilichopatikana siku hiyo juu yake, ila theluthi ya Bibi Settimia, kwa sababu kuna watu hata tapeli hawadhulumu wakiwa wameshika kisu cha kukatia jibini.

Mwalimu alipokea akilia. Alimbusu Ubaldo paji la uso. Akaomba tu ashushwe kituoni mapema, awahi treni ya saa kumi.

Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili Ubaldo hakulala, si kwa huzuni bali kwa hesabu. Elfu arobaini? Hamsini? Angeukodisha mgahawa wa nini, angeununua. Vitambaa vyeupe!

Jumatatu asubuhi alikuwa Roma, kwenye uchochoro nyuma ya soko la maua, duka la Mzee Amleto, ambaye hununua vitu vya kale bila kuuliza vimelala wapi. Ndani palikuwa na benchi, na juu ya benchi palikuwa na wanaume wawili. Mmoja mwembamba, macho mekundu. Wa pili mnene, ametulia. Yule mwembamba alikuwa na leso mapajani.

Ubaldo aliitazama leso ile. Mwembamba akaitazama ya Ubaldo. Walifunua kwa pamoja, polepole, kama wachezaji wa karata.

Askari wawili waliinuliana mikono.

"Kofia ya majani?" Ubaldo alinong'ona.

"Na peremende. Mimi naongoza watu Orvieto. Aliniambia kengele ya kanisa imepasuka." Mwembamba akamfunika askari wake. "Elfu tatu. Na sheria nilimfundisha mwenyewe, neno kwa neno!"

Mzee Amleto alichungulia juu ya miwani. "Masanamu ya makumbusho hayo," alisema. "Wanayauza mlangoni pamoja na kalamu na sumaku za friji. Ukiyalaza wiki moja kwenye siki na chumvi yanakuwa hivyo. Yule mama anajua kazi, lazima niseme. Mimi nayauza yuro kumi na mbili."

Ubaldo aliona meza tisa zikiondoka kuelekea ziwani, moja baada ya nyingine. Kwenda polisi? Aende akaseme nini? Alitaka kumlaani yule bibi, lakini kila alipofungua mdomo alimkumbuka Pierino na ndoo yake, na akajikuta, Mungu amsamehe, bado anamhurumia mtoto.

Akamgeukia yule mnene. "Na wewe kaka, pole. Kwako alikuambia nini?"

"Pole ya nini?" mnene akajibu. "Kwangu alipita mwezi Mei. Yangu nilishaiuza zamani, kwa Waswisi, elfu sita. Nimekuja kuchukua nyingine."

Mzee Amleto akaweka sanduku la kadibodi juu ya kaunta. Ndani walijaa askari, wote wameinua mikono.

Yule mwembamba aliinuka kwanza. Ubaldo akamfuata, akajipapasa mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mfuko wa nyuma, akainama juu ya sanduku.

"Mzee," alisema, "mwenye mkuki hakuna?"