Mnunuzi Mkweli wa Daudi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Ukungu umekaa juu ya kijiji hiki cha Daudi tangu alfajiri. Nimevaa makoti mawili. Mtu wa Lindi hakuumbwa kwa hali hii, lakini Serikali ilinipanga huku, na huu ni mwaka wa pili.

Leo kompyuta yangu imeniaibisha. Niliinunua ikiwa imetumika, pale Mbulu mjini, nikaambiwa imetoka Ujerumani. Ni kweli imetoka Ujerumani. Ukibonyeza Y inatoka Z, ukibonyeza Z inatoka Y. Nimechapa mtihani mzima wa Maarifa ya Jamii, darasa la sita, bila kuinua macho. Swali la tatu limeuliza habari za Yiwa Manzara. Mtoto mmoja amejibu kwamba liko Msumbiji. Mwalimu mkuu ameniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama kule Lindi Kiswahili ni lugha ya kigeni.

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikasimama nyuma ya zizi la Mzee Akonaay, mwenye nyumba wangu, maana mtandao unapatikana hapo tu. Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouziana vifaa vya umeme mkoani. Nikaandika maoni yangu yote kuhusu ile kompyuta: vitufe, betri inayodumu dakika kumi na moja, feni inayokoroma kama mgonjwa. Chini nikatia saini, Mnunuzi Mkweli.

Watu arobaini na mmoja wamejibu. Wengine wamecheka, wengine wameshukuru. Darasani nina watoto sitini na wawili na hawajibu.

Mzee Akonaay alikuja kuniita nikanywe chai kwake, jikoni kwenye moto. Nikamwambia nina kazi.

Jumatano, 4 Juni 2025

Tatizo. Nimeishiwa vitu vya kutolea maoni. Jana niliandika kuhusu simu yangu (watu kumi na wanane). Leo asubuhi kuhusu pasi (watu wanne, na mmoja alikuwa amekosea kundi).

Mbinu: kuazima. Nikaenda kwa Mzee Akonaay, nikampa shikamoo, nikamwomba redio yake kwa uchunguzi. Akaniuliza uchunguzi wa nini. Nikasema wa kitaalamu. Akanipa, ingawa aliishika kidogo kabla ya kuiachia. Nimeiwasha bila kuizima ili kujua betri zinakaa muda gani.

Mwalimu Thadei amenichokoza. Huyu anafundisha Hisabati shuleni kwetu, ni mwenyeji, na anajua kufungua kompyuta na kuifunga bila skrubu kubaki. Kwenye kundi, mbele ya watu wote, ameandika kwamba ile shida ya Y na Z ni mpangilio tu, unarekebishwa kwa dakika moja. Halafu akaeleza jinsi ya kurekebisha. Watu wakamshukuru yeye.

Nimejaribu kwa siri. Ilichukua sekunde ishirini. Sitasema.

Lakini jioni kuna jambo jema. Mtu ameniandikia mimi peke yangu, nje ya kundi. Anaitwa Gaudensia, yuko Basotu, picha yake ni ua la alizeti. Anauliza simu yake imejaa, afanyeje. Ameanza na "Ndugu Mnunuzi Mkweli, habari za huko milimani." Nimesoma mara tano. Nikajibu kwa kirefu, nikamweleza na hali ya hewa.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Sikukuu. Idi imenikuta mimi Idd nikiwa peke yangu. Shule imefungwa jana na walimu wageni wote wameondoka makwao. Lindi ni mbali. Nilimpigia mama, simu ikakatika akiwa anaanza kuniuliza nimekula nini.

Nikaenda Mbulu mjini kuswali. Baada ya swala watu wakasalimiana, wakashikana mikono, wakaenda kwao. Nami nikashikwa mkono, kisha nikabaki barabarani. Nikaingia dukani kwa Basili kwa sababu lilikuwa wazi.

Basili anauza chaja, spika, redio na vidude vingine. Alipojua kwamba mimi ndiye Mnunuzi Mkweli alitoka nyuma ya kaunta. Akanipa kiti. Akaniagizia soda. Akaniambia ana flashi mpya, ndogo kama ukucha, GB 64, bei nafuu, akanipa moja bure. Hakuniomba kitu, ila alisema ingependeza watu wakizijua.

Sina cha kuweka kwenye flashi. Nimeichomeka, ikawaka taa ya bluu, nikairidhia. Nikaandika: "Nimeitumia mwezi mzima. Imara. Hata nyaraka za familia unaweka bila wasiwasi."

Watu hamsini na sita! Thadei hakusema kitu.

Gaudensia naye ameuliza kama kweli ninaiamini. Nikamwandikia, "Kama ninavyoamini mkono wangu." Amesema atamwagiza mtu anayekuja Mbulu amnunulie. Leo nimepiga pasi mashati mawili, sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimemrudishia Mzee Akonaay redio. Betri zimedumu siku nane kasorobo. Nilidhani atafurahi kujua. Akaniambia kwamba katika siku hizo alikosa maziko ya mtu wake wa Dongobesh, alizikwa Jumanne na tangazo lilipita redioni. Hakunisema. Aliichukua tu akaifuta vumbi kwa kofia.

Kisha mchana ujumbe wa Gaudensia. Haukuanza na habari za milimani.

Mama yake mzazi alifariki mwaka jana kule Gendabi. Kabla ya hapo Gaudensia alikuwa amemrekodi video ishirini na tatu: bibi huyo akisimulia jinsi alivyoolewa, akitaja majina ya ukoo kurudi nyuma, akiimba nyimbo za kubembeleza watoto. Zote zilikuwa kwenye simu, pamoja na picha za wajukuu. Flashi ilipofika, mpwa wake akazihamisha zote, na kompyuta ikasema kila kitu kimeingia. Basi akazifuta kwenye simu ili ipumue. Jana amefungua flashi aone sura ya mama yake. Nyingi hazifunguki.

Hakunilaumu. Ameuliza tu kama kuna kitufe amekosea kubonyeza.

Nilikaa zizini mpaka ng'ombe walipozoea kuwapo kwangu. Nikamwandikia, aitume flashi kwa kondakta wa basi, nitaitengeneza. Neno "nitaitengeneza" liliandikwa na vidole, mimi sikuwepo.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Flashi imefika imefungwa ndani ya bahasha tatu na kitambaa. Juu ameandika, "Tafadhali usiilowanishe."

Nimeichomeka. Nimeitoa. Nimeipuliza. Nimeichomeka tena. Hapo utaalamu wangu ukaisha.

Njia ilibaki moja, nayo ilipita mlangoni kwa Thadei. Nilipanga kumwambia kwamba flashi ni ya rafiki, na kwamba nataka kulinganisha mbinu zangu na zake. Nilimkuta shambani kwake, ananing'iniza vitunguu swaumu vikauke. Nikaanza maneno yangu ya mbinu. Akaniuliza kama ni ile flashi niliyoisifia. Nikasema ndiyo. Akaipokea, akafuta mikono, akaingia ndani. Mke wake akanipa maziwa. Sikujua mtu mwenye ushindi anaweza kukaa kimya namna ile.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Thadei ameniita. Amenieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto hesabu za sehemu.

Flashi ni ya uongo. Nje imeandikwa GB 64, ndani ni GB 4. Imechezewa ili idanganye kompyuta. Ukiijaza inapokea kila kitu kwa adabu, lakini kinachozidi hakiandikwi mahali popote. Video zilizoingia mwanzo ziko salama. Ni sita. Zile kumi na saba hazikuharibika. Hazikuwahi kuwemo. Simu nayo mpwa ameshaijaza vitu vingine juu yake, hata huko hazirudi.

Nilimuuliza mara mbili kama hakuna dawa. Akasema hakuna. Akaniambia pia kwamba ukijaza flashi mpya mara moja tu na kufungua vitu vyake, unaijua siku hiyo hiyo. Alisema hivyo akiangalia dirishani.

Ameziweka zile sita kwenye flashi yake mwenyewe, nzuri, na kwenye kompyuta yake pia kwa akiba.

Nimeamua kuzipeleka Basotu mwenyewe. Nikirudi nyumbani nimepata wazo: nitasema kwamba zote ishirini na tatu zilikuwa zimepotea, na kwamba kwa kukesha siku tatu nimeokoa sita. Si uongo mkubwa. Ni mpangilio tu.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Basi la asubuhi, kupitia Dongobesh na Haydom, kisha pikipiki. Shati nililovaa lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana. Huko chini jua linawaka. Nilivua koti moja, halafu la pili, nikajiona mtu tena.

Nyumba yake inatazama ziwa. Aliyenifungulia mlango ni mama wa miaka kama sitini na saba, muuguzi mstaafu, amejifunga kitenge, miwani imening'inia shingoni. Nilitazama nyuma yake kidogo nione kama kuna Gaudensia mwingine. Hakuna. Nikasema shikamoo, mama. Akasema marahaba mwanangu, umekuwa mwembamba kuliko maandishi yako.

Akanipa maji ya kunawa, ugali na samaki. Nilikula kama mtu anayefuturu. Kisha nikaweka flashi mezani, nikaanza hotuba yangu: zote zilikuwa zimepotea, mama, lakini siku tatu, bila usingizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani wauguzi wamezoea watu wanaosema wamemeza dawa.

Akauliza, "Ile flashi uliijaribu?"

Nikasema niliijaribu kidogo.

Akaendelea kunitazama.

"Sikuijaribu, mama. Nilipewa bure. Na hizi sita kaziokoa mwenzangu, Mwalimu Thadei. Mimi nimezibeba tu."

"Basi kwa nini uliniandikia vile?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. "Kwa sababu uliniuliza," nikasema.

Alishika miwani yake shingoni, akaifuta kwa kitenge.

"Ningeendelea kukuuliza," akasema, "hata kama ungesema hujui."

Tukafungua video kwenye kompyuta ya mpwa. Ya kwanza haikuwa simulizi. Ni bibi kizee amekaa nje, anafukuza kuku, halafu anasogea karibu kabisa mpaka jicho linajaza kioo, anasema kitu kwa Kiiraqw. Gaudensia akacheka, kisha akaweka mkono mdomoni. Nikauliza amesema nini. Akasema, anauliza kama hiki kitu kinamsikia.

Wimbo wa kubembeleza upo nusu. Majina ya ukoo yanaishia kwa babu wa tatu. Hayo mengine, alisema, alikuwa nayo bibi peke yake.

Sikujua pa kuweka mikono. Niliosha vyombo.

Wakati naondoka alinifungia samaki wakavu, akaniomba jambo moja: niandike ukweli kwenye kundi, mwingine asije akapoteza wa kwake. Nikaahidi. Akasema Jumapili ya wiki ijayo binti yake anakuja, nije tena nile, kwa kuwa njia nimeshaijua.

Jumapili, 22 Juni 2025

Nimeandika. "Flashi niliyoisifia ni ya uongo. Sikuijaribu. Kuna mama amepoteza vitu visivyorudi. Samahani." Nikatuma kabla vidole havijabadili kitu.

Nimesubiri zizini tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Wawili wamejibu. Basili amesema nimemvunjia biashara, na kwamba hata yeye alidanganywa alikozinunua. Thadei ameweka kidole gumba.

Wawili.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Wiki tulivu. Siku nne sikugusa kundi. Nilikunywa chai kwa Mzee Akonaay mara moja, tukasikiliza matangazo ya vifo, hakuna tuliyemfahamu, akaonekana kuridhika. Jumatano Mama Gaudensia alipiga simu kukumbusha habari ya Jumapili. Nikasema nitakuja bila kukosa.

Leo asubuhi nilipita nyuma ya zizi kwa bahati tu, simu ikashika mtandao yenyewe. Kwenye kundi kuna mtu wa Gendabi anaitwa Nicodemo. Anauliza kama kuna yeyote mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga inayotumia umeme wa jua, aeleze ukweli wake kabla hajanunua. Saa nzima hakuna aliyemjibu. Ilinigusa. Mtu anauliza, na watu wamenyamaza.

Mashine hiyo sijawahi kuiona. Nilikuwa naandika kwamba sijui. Nilishafika "Ndugu, kwa kweli". Halafu nikaona juu ya kioo: Thadei anaandika.

Nikamalizia haraka: "Ndugu, kwa kweli ninayo. Mwaka wa pili sasa. Haijanisumbua hata siku moja."

Kumi na tisa mpaka sasa. Nicodemo amefurahi sana. Ameniambia hapendi kununua kitu bila kukiona, anaomba anitembelee Jumapili aitazame ikifanya kazi. Atakuja na mke wake, na watalala kwa sababu ya umbali.

Nimemwandikia Mama Gaudensia kwamba sitaweza, nina wageni. Nililitazama neno hilo muda kidogo kabla ya kulituma. Nina wageni.

Nimefagia chumba, nimetandika shuka safi. Kwa hiyo mashine, katoni ninayo, taa ninayo. Naenda kwa Mzee Akonaay kuazima mayai.