Mbwa wa Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameweka picha mpya kwenye simu. Yuko kwa dada yake, kibarazani, amepakata kimbwa cha jirani. Cheupe, nywele mawimbi matupu, utadhani kimetoka saluni kwangu. Anacheka. Anacheka mpaka mwanya unaonekana! Tangu aondoke (ule mradi wa kufuga kware chumbani kwetu, sitaki kuuzungumzia) sijauona mwanya huo. Nina hamu nao mpaka basi. Nimefunga saluni mapema, nimejilaza na viatu.

Sasa nimepata jibu. Mwanamke huyu nimeshamwomba radhi kwa maneno yote ninayoyajua. Hataki maneno, anataka mbwa. Mbwa akiwa hapa, naye atakuwa hapa. Mbona rahisi!

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Msimamizi ni mama mmoja wa mabuti ya mpira. Maswali! Nani atabaki na mbwa mchana? Ua upo? Nani atampeleka kuchanjwa? Nikisafiri je? Eti na nyumbani lazima aje kukagua. Nikamwambia nilipokwenda kuposa sikuulizwa hata nusu ya hayo. Akasema labda ndiyo maana nimekuja peke yangu. Mdomo ule!

Akanionyesha jike mzee wa kahawia, sikio moja limekatika. Akaniegemea mguuni, akashusha pumzi. Mpole, sikatai. Lakini kwenye picha? Hapana. Nikaaga.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, adui yangu, aliniona narudi na manyoya kwenye suruali. Akauliza kama siku hizi nanyoa kondoo.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Muuzaji wa mtandaoni, anajiita Profesa. Tulikutana kituo cha mafuta, nyuma ya gari lake. Kimbwa kimo ndani ya katoni ya sabuni. Mawimbi kuanzia masikioni mpaka mkiani! Profesa anasema ni mchanganyiko wa mbegu tatu: moja ya akili, moja ya upole, moja ya nywele. Hapukutishi manyoya, habweki, hang'ati. Nikauliza kama naweza kumwona mama yake. Mama amesafiri. Na baba? Baba yuko kazini. Sikutaka kuonekana mshamba, nikalipa. Kiasi siandiki, ukurasa utalia.

Nimemwita Mapatano. Amelala juu ya sweta aliloliacha mke wangu. Bado lina harufu yake. Mpaka jana nilikuwa nalilalia mimi. Nimejinyima kwa sababu ya mradi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Nimemwogesha Mapatano ili apendeze. Mawimbi yamekwenda na maji! Amebaki mbwa wa kawaida kabisa, nywele zimelala, mkia kama uzi. Nikanusa taulo. Dawa ya kusetia nywele! Chupa yake ninayo kabatini, naitumia kila siku. Profesa alimtia mbwa rola, na mimi, msusi mzima, sikuona. Kweli mganga hajigangi. Kinyozi akavuka barabara makusudi kuja kucheka, kisha akarudi kuwaita wateja wake nao waje kucheka.

Lakini picha lazima ipigwe. Nimetoa rola ndogo kuliko zote, nimemseti upya kwa mikono yangu mwenyewe. Tuseme kweli, kazi yangu ni safi kuliko ya Profesa.

Jumamosi, 9 Machi

Mapatano hali kitu. Anatetemeka, na rola zake mgongoni. Nimembeba mbio mpaka kwa daktari wa wanyama. Daktari anasema huyu hata wakati wa kuachishwa ziwa ulikuwa haujafika. Anasema mahali fulani kuna jike amefungiwa bandani, anazalishwa mfululizo mpaka achakae, na kila anayenunua bila kumwona mama ndiye anayelipia lile banda. Alisema hayo akinitazama. Mimi nikatazama ukuta. Palikuwa na picha ya ng'ombe.

Nimepewa maziwa maalumu, nimnyweshe kidogo kidogo kwa bomba la sindano. Nusu imemwagikia shati langu. Nimemwandikia mke wangu kwamba kuna mbwa mdogo hapa anaumwa na sijui la kufanya. Sikuwa na ujanja wowote. Niliogopa tu.

Jumapili, 10 Machi

AMEKUJA! Na mfuko mkononi. Niliutazama vizuri ule mfuko: mdogo mno. Hakunisalimu mimi, alimsalimu mbwa. Akakaa kitandani, upande wake, akazitoa zile rola moja moja. Heri angenigombeza. Mapatano akanywa maziwa, akasinzia mapajani pake. Goti lake lilikuwa karibu na goti langu. Sikusogea, nisije nikaharibu. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imepoa, kwamba bado nachemsha chai ya watu wawili na nyingine namwaga. Nikamwambia rola zile ni mpya.

Akasema mimi sijawahi kupenda kitu bila kukipangia kazi, na kwamba mbwa si chambo. Akaniapisha nisinunue tena kwa yule mtu. Nikaapa. Akasema Mapatano atakwenda kukaa kwa dada yake, ambako kuna mtu mchana kutwa. Mlangoni akainyoosha kola yangu, kama zamani. Kisha wakaenda, yeye na mbwa na sweta.

Jumanne, 12 Machi

Shemeji amepiga simu. Mapatano anakula, anabweka, na ameshamng'ata yeye shemeji. Mke wangu anacheka kutwa. Nikauliza kama ameniulizia. Shemeji akasema mtandao unasumbua.

Nimekaa nimetafakari yote yaliyotokea, na nimepata fundisho. Mawimbi hayakumleta. Picha haikumleta. Kilichomleta ni ugonjwa. Nimempigia Profesa (niliapa kutonunua, sikuapa kutoulizia). Anasema anao watatu, wazuri, wamechangamka kweli kweli. Nikamwambia hao awape wengine. Je, hana japo mmoja anayekohoa?